Samaki wangu walikufa, nikaenda kutafuta jibu mwaka wa 1850

Wacha nianze na aibu. Samaki wangu wa kwanza walikuwa watatu, wale wa dhahabu, na niliwabeba kwa matatu ndani ya ndoo ndogo nimeikumbatia kama mtoto. Siku ya nne mmoja akaelea. Siku ya sita wote walikuwa wameenda. Tangi lilikuwa jipya, lita 20, maji masafi hadi unaona rangi ya ukuta nyuma. Aliyeniuzia alisema nibadilishe maji yote kila siku mbili na nisugue changarawe hadi ing'ae. Nilifuata maagizo vizuri kabisa, na ndivyo nilivyowaua.

Mkumbuke nilikuwa nimetoka tu chuo. Mwaka wa pili, kozi ya kemia, karo ikakataa. Nyumbani hakuna aliyeniuliza kitu, lakini mama alipokuja kwa bedsita yangu akaona tangi tupu, aliliangalia kidogo akasema, "Hata hii?" Maneno mawili tu. Manze, yaliniuma kuliko barua ya chuo. Usiku huo nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ni nani alikuwa wa kwanza kuweka samaki ndani ya glasi na asiwaue.

Kufuga samaki nyumbani ni kitu cha zamani. Wachina walifuga samaki wa dhahabu madimbwini tangu enzi ya Song, na kufikia enzi ya Ming walikuwa wamewaingiza kwenye vyungu vya kauri, unawatazama kutoka juu. Walipofika Ulaya wakatiwa kwenye bakuli za glasi, na kazi ikawa ile ile yangu: mwaga maji, jaza mengine, omba Mungu.

Ufunguo ulitoka kwa watu ambao hata hawakuwa wanafikiria samaki. Mwaka wa 1771 Mwingereza Joseph Priestley aliweka tawi la mnanaa ndani ya chombo kilichofungwa, ambamo mshumaa ulikuwa umeshazimika kwa hewa kuisha nguvu. Baada ya siku kadhaa mshumaa ukaweza kuwaka tena humo ndani. Mmea ulikuwa umetengeneza hewa. Mwaka wa 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, akazamisha majani ndani ya maji na kuona yakitoa viputo juani, lakini gizani hapana. Hayo tulikariri sekondari tukapita mtihani tukasahau. Mimi niliyakariri mara mbili, hadi chuoni, na bado sikuweka hata jani moja kwa tangi langu.

Kuna mwanamke lazima nimtaje hapa. Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa, alizaliwa 1794, na kabla ya sayansi alikuwa fundi wa kushona nguo Paris. Alipoolewa akahamia Messina, kisiwa cha Sicily, na mwaka wa 1832 akatengeneza matangi ya glasi ili achunguze mnyama wa baharini wa jamii ya pweza anayeitwa argonauta. Wasomi walikuwa wanabishana kama huyo mnyama hujijengea gamba ama huliiba. Yeye akamtazama hai, ndani ya glasi, akathibitisha kwamba hujijengea. Fundi wa cherehani, wasee. Hakuna chuo.

Lakini tangi lenye mimea kama letu, la maji baridi, lina baba yake, na anaitwa Robert Warington. Alikuwa mkemia wa chama cha wauza dawa jijini London. Mwaka wa 1849 alichukua chombo cha galoni 12, yaani lita 50 na kitu, akatia mchanga, changarawe, samaki wawili wadogo wa dhahabu na mmea mmoja wa Vallisneria spiralis, ule wenye majani marefu kama utepe. Wazo lake lilikuwa rahisi: samaki atoe hewa ya ukaa, mmea uitumie na kurudisha oksijeni, na maji yasibadilishwe kabisa.

Ikaenda vizuri, halafu ikaanza kuharibika. Majani ya zamani yalikufa, yakaoza, maji yakachafuka. Hapa ndipo nampendea huyu mzee. Hakumwaga maji, na hakutupa tangi nje aambie watu ilikuwa hobi ya muda. Alijiuliza: kwenye dimbwi la kawaida, nani hula uchafu huu? Akaongeza konokono watano ama sita. Konokono wakala majani yaliyooza, maji yakatulia, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka wa 1850 akawasomea wenzake wa Chama cha Kemia matokeo yake. Samaki, mmea, konokono, mwanga.

Bahati pia ilimsaidia, na watu wengi huiruka hii sehemu. Uingereza ilikuwa na kodi ya glasi hadi 1845. Ilipofutwa, kioo kikashuka bei, na familia za kawaida zikaweza kununua. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma, na 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kuhusu matangi ya baharini. Mji wote ukashikwa na wazimu wa samaki. Watu wakamiminika pwani na ndoo wakang'oa kila kitu miambani, hadi mtoto wa Gosse mwenyewe, Edmund, aliandika baadaye akisikitika kwamba fuo hizo ziliharibiwa. Miaka kumi hivi wazimu ukaisha, na matangi mengi yakaishia vumbi. Tunajua hiyo tabia. Tumeiona na sungura, na kware.

Sasa kesi yangu. Kama Warington alikuwa sahihi kabisa, ningeongeza mmea tu na mambo yakawa sawa. Hapo ndipo hadithi inakuwa tamu, ju hesabu yake ilikuwa nusu. Aliona hewa, hakuona sumu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Amonia ikijaa, samaki anaungua ndani kwa ndani huku maji yakionekana safi kama ya chupa. Mimea hunyonya kiasi, lakini kazi kubwa hufanywa na bakteria usiowaona, wanaoishi kwenye changarawe, kwenye kioo, kwenye chujio. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mmea huitumia kama mbolea.

Na nani alisaidia kuonyesha kwamba kazi hiyo hufanyika kwa hatua mbili, na viumbe wawili tofauti? Mwanawe. Jina lile lile, Robert Warington, mkemia wa kilimo kwenye kituo cha Rothamsted. Yeye alikuwa anachunguza udongo wa shamba, si samaki. Alijaribu kuwatenga hao bakteria akashindwa, na kufikia 1890 Mrusi Sergei Winogradsky akafaulu. Baba alijenga tangi, mtoto akaelewa kwa nini lilikuwa linafanya kazi, na sidhani kuna siku walikaa mezani wakajua wanaongea kuhusu kitu kimoja.

Kwa hivyo mimi nilikuwa nawaosha bakteria kila siku mbili. Nikisugua changarawe, wanaenda na maji. Halafu najaza maji ya mfereji moja kwa moja na klorini yake, ambayo huchoma matamvua na kuua bakteria waliobaki. Usafi ndio uliokuwa shida.

Awamu ya pili nilienda polepole kama Warington. Udongo chini, changarawe juu, Vallisneria na Anubias, huu wa pili asili yake ni Afrika ya magharibi na kati na hauhitaji mwanga mwingi. Taa saa saba kwa siku, na stima ikipotea mimea haifi kwa usiku mmoja. Wiki tano bila samaki, nikitupia punje ya chakula humo ili bakteria wapate cha kula. Jirani alidhani nafuga nyasi. Konokono walikuja wenyewe wamejificha kwenye majani. Halafu samaki wawili wadogo. Maji sasa nabadilisha robo kila wiki, baada ya kulaza ndoo usiku mzima klorini ipungue.

Mtaniuliza mbona sijaongea kuhusu Takashi Amano, yule Mjapani aliyekuwa mwendesha baiskeli wa mashindano kisha mpiga picha, aliyefanya tangi lionekane kama msitu. Namheshimu. Kazi yake ya mwisho kubwa iko Lisbon, urefu wa mita 40, ilifunguliwa 2015, mwaka aliofariki. Lakini ukianza na picha zake utanunua mitungi ya gesi kabla hujajua amonia ni nini, na pesa itaisha kama karo yangu.

Kitu kimoja zaidi, na hiki kinatuhusu sisi. Magugu maji yaliyofunga ghuba ya Kisumu hayakuzaliwa hapo. Ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri ya zambarau. Naivasha ilianza kufunikwa na salvinia miaka ya 60, nayo pia asili yake ni Amerika Kusini, na magugu maji yakafika huko 1988. Mmea wa mapambo haujui umeletwa kuwa pambo.

Vallisneria yangu huzaa vichipukizi kila wiki. Wa kupewa nawapa, mama alichukua vitatu akaviweka kwa mtungi dirishani. Vinavyobaki navianika juu ya paa siku tatu vikauke kabisa, kisha natupa. Kwa mtaro sitii hata jani.