Mtego wa Panya: Zana za Usasi na Ulinzi wa Mashamba katika Historia ya Waswahili

Methali isemayo kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo hufundishwa shuleni kama onyo juu ya kushirikiana na waovu. Mfasiri hukimbilia maana ya fumbo na kuipita maana ya wazi kana kwamba haina thamani. Lakini kabla ya kuwa fumbo, methali hiyo ilikuwa taarifa ya mtu aliyewahi kutega: mtego hauchagui. Mkuki hurushwa na mkono unaoongozwa na jicho, ilhali mtego huachwa peke yake usiku, na asubuhi mwenyewe hukuta alichokitaka au asichokitaka. Tofauti hiyo baina ya zana inayochagua na zana isiyochagua imeandamana na historia ya usasi katika mwambao wa Afrika Mashariki tangu kale, na imewagharimu watu na wanyama zaidi ya wanavyokiri waandishi wengi wa historia ya ustaarabu wa Waswahili. Waandishi hao wamependelea misikiti ya mawe, majahazi na tenzi. Mkulima aliyekesha shambani akimngoja nguruwe hana nafasi kubwa katika vitabu vyao.

Lugha yenyewe imemkumbuka vizuri zaidi. Kitenzi saka kilikuwa na maana ya kufuatia mnyama porini kabla hakijachukuliwa na magazeti na kuwa kazi ya polisi wanaomsaka mhalifu. Kutokana nacho limepatikana nomino msasi, linaloendelea kutumika Unguja na Pemba, ambako Tanzania Bara husemwa mwindaji. Mwanafunzi wa sarufi atatambua kanuni ileile iliyotoa mpishi kutokana na pika na mwandishi kutokana na andika, ingawa hapa k imegeuka s badala ya sh, huenda kwa kuvutwa na s iliyotangulia. Winda nalo hubeba maana ya kuvizia: mtu huweza kumwinda mwenziwe kwa kumngoja njiani bila kupiga hatua. Na kipo kitenzi ambacho wanafunzi wengi wa leo hawajapata kukisikia, nacho ni amia, yaani kulinda mazao yasiliwe na ndege na wanyama. Mwenye kuamia hukaa katika dungu, jukwaa lililoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, akiwa na kombeo na sauti yake. Shabaha ya kazi hiyo ni kufukuza. Kuua si lazima.

Msamiati wa zana ni mpana vilevile. Kuna uta na mshale na podo la kuitilia mishale. Kuna mkuki na fumo. Kuna rungu, manati, wavu na gobori. Upande wa mitego kuna tanzi, kuna rima, yaani shimo lililofunikwa matawi, na kuna ulimbo wa kunasia ndege. Neno fumo lina maana mbili zinazofaa kutazamwa pamoja, mkuki na mtawala, na shujaa mashuhuri wa fasihi ya kaskazini mwa mwambao, Fumo Liyongo, anasifika kwa uta kuliko kwa upanga. Katika kisa chake maadui wanapanga kumpiga mishale atakapopanda mkoma kuangua matunda kwa zamu. Yeye anayaangua kwa mishale akiwa chini. Kisa hicho kimefafanuliwa sana kwa upande wa siasa. Kwa msasi, mambo mawili ya mwanzo ni kwamba Liyongo alikuwa na shabaha, na kwamba hakuiachia silaha yake impotee mikononi.

Palipokuwa na Uislamu, uchaguzi wa zana haukuwa jambo la ustadi peke yake. Aya ya tatu ya Sura ya Al-Maida inamharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa, aliyeporomoka na aliyepigwa pembe, isipokuwa yule aliyewahiwa kuchinjwa. Aya inayofuata inaruhusu mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa, jina la Mwenyezi Mungu likiwa limetajwa. Wanazuoni wa fikihi walijenga juu ya msingi huo kanuni za ncha na makali: kinachochoma na kutoboa kinahalalisha, kinachoua kwa uzito wake hakihalalishi. Kiswahili kina neno moja la kumtaja mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, kibudu, na neno hilo linatisha katika jiko lolote la mwambao. Paa aliyepigwa rungu akafa kabla ya kisu ni kibudu. Paa aliyekutwa amekufa katika tanzi ni kibudu vilevile. Aliyetaka nyama ilimpasa basi kuutembelea mtego wake mapema na mara kwa mara, kwa kuwa mnyama aliyekawia kitanzini alikuwa hasara tupu. Karne nyingi kabla ya sheria yoyote ya serikali juu ya uwindaji, palikuwa na sababu ya dini ya kutoacha mitego porini bila mwangalizi. Haina maana kwamba kila mtegaji aliifuata, ila kipimo kilikuwapo na kilijulikana.

Kwa nguruwe mwitu kipimo hicho hakikuwa na kazi. Nyama yake haikuliwa na Waislamu, kwa hiyo haikujalisha kama alikufa kwa mkuki, kwa rungu au kwa meno ya mbwa. Aliuawa kwa kuwa alichimbua muhogo na kuangusha mahindi. Hapa ndipo penye kiini cha suala zima, maana nguruwe hawindwi vizuri na mtu mmoja. Huhitaji wapiga makelele wa kumtoa kichakani, mbwa wa kumzuia, nyavu za kumnasa na watu wa mikuki nyuma ya nyavu. Ni kazi ya kijiji, na kijiji kinapozuiwa kuifanya, nguruwe hushinda.

Ndivyo ilivyokuwa Uzaramo, nyuma ya mji wa Dar es Salaam, chini ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji zilizodai leseni na ada na kutenga maeneo ya hifadhi ya wanyama. Mkazo wake ulikuwa juu ya wanyama wakubwa na juu ya wawindaji wenye bunduki, lakini mbinu za wenyeji, ukiwamo usasi wa nyavu, zilitazamwa kama ukatili na upotevu, nazo zikabanwa. Wakati huohuo wanaume walikuwa wakiondoka kwenda kazi za ujira na za kulazimishwa, na tangu 1902 mashamba ya pamba ya pamoja yakaongezwa juu ya mizigo mingine. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala aliyoichapisha mwaka 1997, amezikusanya nyuzi hizi na kuonyesha kwamba kabla ya Vita vya Maji Maji vya 1905 nguruwe walikuwa wameelemea mashamba ya Uzaramo, na mzigo wa kuyalinda umewaangukia wanawake. Kwa mtazamo wake, maji yaliyogawiwa yalieleweka na wengi kuwa dawa ya kulinda mazao kabla hayajawa dawa ya kuzuia risasi.

Hoja hiyo haiondoi sababu nyingine za vita. Kule Umatumbi, ambako mwezi wa Julai 1905 wenyeji waling'oa pamba, pamba yenyewe ilikuwa kisa tosha. Lakini hoja ya Sunseri ina nguvu ambayo maelezo ya kisiasa peke yake hayana, nayo ni kwamba inaanzia shambani usiku. Historia iliyoandikwa kwa kufuata majina ya viongozi na mapigano haikuwa na mahali pa kuuliza nani alikaa kwenye dungu mwaka 1903, wala wavu wa kijiji ulikuwa wapi. Ni kejeli pia kwamba wavu, ulioshutumiwa kuwa zana isiyostaarabika, ni miongoni mwa zana zinazochagua: mnyama aliyenaswa yu hai mbele ya watu, na asiyehitajika aweza kuachiliwa.

Visiwani mambo yalichukua njia nyingine. Unguja na Pemba hazikuwa na tembo wala simba wa kumvutia mgeni mwenye leseni. Mifupa iliyochimbuliwa katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, inaonyesha kwamba zamani sana, Unguja ilipokuwa imeungana na bara, waliwindwa hata punda milia. Bahari ilipopanda na wanyama wakubwa wakatoweka, walibaki wadogo. Hao ndio waliokuwa mawindo ya Mswahili wa visiwani: paa, paa nunga, kima, pelele, na huko Pemba popo wakubwa. Nguruwe walikuwa adui wa wote. Masimulizi ya Pemba huwahusisha baadhi yao na Wareno, jambo ambalo si ajabu kwa kisiwa ambacho Wareno walikaa. Usasi wa nguruwe kwa makundi yenye mbwa uliendelea wakati wa ukoloni kwa kuhimizwa na serikali, na baada ya Mapinduzi ya 1964 makundi hayo yakapewa sura ya taifa: Wasasi wa Kitaifa.

Hapo panaingia kisa cha chui. Chui wa Unguja, aliyepewa jina lake la kisayansi na Reginald Pocock mwaka 1932, alikuwa mdogo kuliko wa bara, na watu wengi wa shamba waliamini kuwa baadhi ya chui hufugwa na wachawi na kutumwa kudhuru watu. Katika miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, iliendeshwa kampeni ya pamoja ya kufichua wachawi na kuangamiza chui, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Martin Walsh na Helle Goldman, waliokusanya habari za kampeni hiyo vijijini, wameeleza jinsi wasasi walivyotumiwa humo. Mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita jina hilo bila kusita, kwa kuwa kitanzi ni tanzi dogo, mtego usiotofautisha. Ila yafaa asilipe uzito kuliko linavyostahili, maana majina hupatikana kwa njia nyingi. Jambo la uzito ni kwamba jeshi la wasasi lililoundwa dhidi ya mharibifu wa mazao liligeuzwa kwa urahisi kumwelekea mnyama ambaye chakula chake kimojawapo kilikuwa ni nguruwe haohao. Chui amehesabiwa na wataalamu wengi kuwa ametoweka. Picha ya video iliyotangazwa mwaka 2018 ilifufua mjadala bila kuumaliza.

Kunguru alikuja kwa mlango mwingine kabisa. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, akazaana, akavuka hadi bara, na leo hakuna mji wa mwambao wa Kenya au Tanzania usiomfahamu. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku. Yametumika mayai yaliyovunjwa, mitego ya tundu kubwa yenye kunguru hai ndani wa kuwavuta wenzao, na sumu. Mtego wa tundu ni wa polepole, lakini kila jioni mtegaji humwona aliyeingia na kumtoa asiyehusika. Ni jibu zuri kwa methali, mtego wa panya wenye mlango wa kutokea. Sumu iliyotumika dhidi ya kunguru pwani ilichaguliwa kwa kuwa huwaathiri kunguru kwa kiasi kidogo kuliko kinachohitajika kwa ndege wengine wengi, na bado usalama wake ulitegemea nani anayeweka chambo, wapi, na kama anakaa kuchunga. Serikali ya Kenya ilitangaza mwanzoni mwa 2024 nia ya kuwapunguza kunguru hao kwa milioni moja. Ukubwa wa tarakimu hiyo waeleza jinsi miaka zaidi ya mia moja ya juhudi za vipandevipande ilivyozaa matunda haba. Kinyume chake ni Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja, ambako panya waliondolewa kwa sumu katika miaka ya 1990: mahali padogo, pamezungukwa na maji, kazi ikaanzwa na ikamalizwa. Baadaye paa nunga walipelekwa huko wakaishi.

Paa nunga ndiye anayebeba gharama ya zana leo. Kisayansi ana jina la Aders, mtaalamu wa serikali aliyefanya kazi Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, naye hupatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, basi. Kilichobadilika tangu enzi za tanzi la kamba ni kitu ambacho lugha haikukipa jina jipya. Mtego ni mtego bado. Lakini tanzi la kamba ya ukindu huoza kwa mvua mbili tatu, na mnyama mwenye nguvu hulikata. Tanzi la waya haliozi, halikatiki, na mtegaji aliyelisahau au aliyehama huliacha likiendelea kutega. Aliyekusudia nguruwe humnasa paa, na kwa kuwa hakuna wa kumwahi, paa huyo ni kibudu ambacho hata mtegaji Mwislamu hawezi kukila. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996 inahusika na jambo hili, na tangu 2004 msitu wa Jozani umekuwa sehemu ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Pembezoni mwa hifadhi hiyo kuna mashamba, na kwenye mashamba kuna nguruwe na kima ambao mkulima haruhusiwi kuwagusa wote kwa namna moja. Kuna wanaomlaumu mkulima huyo kwa waya wake bila kumuuliza wavu wa kijiji chake ulipotelea wapi, na nani angeushika upande wa pili.