Ngazi ya Fundi wa Stima: PLC Ilikotoka

Ndugu msomaji, ukiingia chuoni leo kusomea mitambo ya viwandani inayojiendesha, utasikia maneno mazito: kiwanda erevu, data kwenye wingu, Industry 4.0. Jina hilo la mwisho Wajerumani walilitangaza kwenye maonyesho ya Hannover mwaka 2011. Lakini maabarani utakutana na kifaa chenye zaidi ya miaka 50. Kinaitwa PLC, yaani kidhibiti cha mashine kinachopangiwa kazi kwa programu. Leo tuangalie kilikotoka, maana sisi watu wa kodi hupenda kuuliza kwa dharau: mbona lugha yake inafanana na mchoro wa nyaya?

Kabla ya PLC, mashine ziliongozwa na rilei. Rilei ni swichi inayowashwa na sumaku ya umeme. Ukitaka mota izunguke pale tu mlango umefungwa na kitufe kimebonyezwa, ulilazimika kuziunga rilei kwa nyaya kwa mpangilio huo. Nyaya ndizo zilikuwa programu. Kampuni ya magari ya General Motors, kule Marekani, ilikuwa na makabati yaliyojaa rilei. Modeli ya gari ikibadilika, mafundi walianza tena kung'oa nyaya na kuziunga upya.

Mwaka 1968 idara yake ya Hydra-Matic, iliyotengeneza giaboksi za otomatiki, ilitoa masharti ya kifaa cha kuchukua nafasi ya makabati hayo. Mwaka huohuo mhandisi Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates, jimbo la Massachusetts, walikuwa wakishughulikia wazo kama hilo. Kifaa chao kiliitwa Modicon 084, kwa kuwa kilikuwa mradi wao wa 84. GM walikipokea 1969.

Sasa hapa ndipo pana utamu. Kompyuta zilikuwepo wakati huo, lakini zilitaka chumba safi chenye ubaridi na mtaalamu wa kuzitunza. Kiwandani kuna vumbi, joto na mtikisiko. Tena mashine ikigoma usiku wa manane, anayeitwa ni fundi wa stima, si mwanaprogramu. Ndiyo maana mchoro ambao fundi huyo alikuwa anausoma tayari ukageuzwa kuwa lugha ya programu.

Mchoro huo unafanana na ngazi. Kuna mistari miwili ya wima, na katikati vipago. Kila kipago ni sharti moja: kushoto swichi, kulia kinachowashwa. PLC husoma vitufe na vihisio vyote, hupitia vipago kutoka juu hadi chini, huwasha au kuzima vinavyohusika, kisha huanza tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Fundi akifungua skrini huona kipago kipi "kinapitisha umeme" na kipi kimekwama. Mwaka 1993 kiwango cha kimataifa cha lugha za PLC kilipotolewa (leo kinaitwa IEC 61131-3), ngazi ilibaki humo pamoja na lugha nyingine.

Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta. Tulifundishwa Java, hifadhidata na algorithimu. PLC haikutajwa darasani hata siku moja. Nilijifunza baadaye kwa OpenPLC, programu ya bure. Kilichonivutia ni heshima: chombo kimeundwa kwa kumfikiria mtu atakayekirekebisha. Sisi ni wangapi tunaoandika programu zetu hivyo?

Lakini imani hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 1979 Modicon walitoa Modbus, lugha ya vidhibiti kuwasiliana. Haikuwekewa neno la siri: aliyefika kwenye waya aliaminiwa. Waya ukiwa ndani ya ua wa kiwanda, hilo halikuwa tatizo kubwa. Leo Modbus hupita kwenye mitandao ya kawaida ya kompyuta, na viwanda vinaunganishwa na intaneti. Mwaka 2010 kiligunduliwa kirusi cha Stuxnet, kilicholenga vidhibiti vya Siemens katika mtambo wa nyuklia wa Natanz, Iran. Kilibadilisha mwendo wa mashine zinazozunguka huku skrini zikiwaonyesha wahudumu kwamba mambo ni shwari.

Kwa hivyo, wewe unayetaka kusomea viwanda erevu, usiiruke ngazi ukikimbilia wingu. Anza na kipago cha kuwasha na kuzima mota mpaka ukielewe. Kisha uliza swali ambalo wale wa 1968 hawakulazimika kuuliza: nani mwingine anaweza kukifikia kipago hiki? La kwanza utafundishwa na fundi wa stima. La pili yeye atalihitaji kutoka kwako.

Haya, mwenye swali aulize.