Nani Aulizwe, na kwa Lugha Gani? Sauti ya Wenyeji katika Hifadhi za Upemba na Kundelungu

Kaskazini mwa Lubumbashi zimo hifadhi mbili za taifa, Upemba na Kundelungu. Historia yake husimuliwa aghalabu kwa kuhesabu wanyama, hasa pundamilia wa Upemba, ambao ndio wa mwisho nchini Kongo. Hata hivyo, ipo historia ya pili, nayo ni ya maswali ambayo wenyeji waliulizwa na yale ambayo hawakuulizwa.

Si kweli kwamba utawala wa kikoloni haukuwa na utaratibu wa kusikiliza. Agizo la tarehe 1 Julai 1885 lilitamka kwamba ardhi tupu ni mali ya Dola. Amri ya tarehe 31 Mei 1934 ikaweka uchunguzi maalumu wa kuthibitisha kama ardhi fulani ilikuwa tupu kweli. Kwa sura yake, uchunguzi huo ulifanana na mashauriano. Kwa maana yake, ulilenga kujua ni haki zipi za wenyeji zilizosimama njiani. Namna ardhi itakavyotumika baadaye haikuwa sehemu ya mazungumzo.

Katika mazingira hayo, Upemba iliundwa tarehe 15 Mei 1939, ikiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 17,730. Lakini bonde lile halikuwa nyika isiyo na wenyewe. Makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1957, yameonyesha kuwa wavuvi na wahunzi waliishi huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Uhuru haukubadili msingi huo. Sheria ya uhifadhi ya 1969 ilikataza kuishi ndani ya hifadhi kamili, na Kundelungu ikafuata mwaka 1970. Sheria ya ardhi ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya Dola. Agizo lililoahidiwa humo, la kufafanua haki za jamii za vijijini, halikutolewa. Mwaka 1975 mipaka ya Upemba ilirekebishwa: hifadhi kamili ikawa kilomita za mraba zipatazo 10,000, na ukanda wa pembeni zipatazo 3,000. Ukanda huo waweza kusomwa kama ukiri wa kimyakimya kwamba watu wapo.

Mabadiliko ya kisheria yalikuja baadaye. Sheria ya mazingira ya 2011 ilitambua haki ya umma ya kupata habari na kushiriki katika maamuzi, na sheria ya uhifadhi ya 2014 ikataka wenyeji washirikishwe. Hapa ndipo penye tatizo la kihistoria. Mpango wa usimamizi hutungwa baada ya mpaka kuchorwa. Mwananchi anaalikwa kusema wapi avue samaki, lini achome nyasi, njia ipi ipitiwe. Haalikwi kusema kama mpaka wenyewe ulipita mahali pa haki. Anayeulizwa la pili bila kuulizwa la kwanza hushiriki nusu tu.

Aidha, kuna suala la lugha. Sheria na mipango huandikwa kwa Kifaransa, ilhali vijijini husemwa Kiluba na Kisanga, na Kiswahili cha Katanga huwaunganisha wasemaji. Kwamba Kiswahili hicho chaweza kubeba kumbukumbu nzito kulithibitishwa mwaka 1965, André Yav alipokusanya historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Hifadhi bado zinahitaji maandishi ya namna hiyo. Wala haitoshi kutafsiri kwa Kiswahili sanifu: neno "hifadhi" huenda lisimfikie msikilizaji wa Mitwaba kama linavyomfikia yule wa Arusha.

Basi, kazi ya wataalamu wa Kiswahili haianzii baada ya mpango kukamilika. Inaanzia pale swali linapotungwa, kwani pundamilia hawatalindwa kwa muda mrefu na majirani ambao hawakulielewa.