Falaki Si Ramli

Pwani imelionea neno falaki. Kuanzia Lamu hadi Unguja, ukisikia fulani anapiga falaki, hufikirii darubini. Unamwona mzee kwenye mkeka, kitabu chakavu mbele yake, akihesabu herufi za jina lako na la mama yako ili akwambie kama ndoa itadumu. Lipeleke neno hilo Garissa, mji wa Wasomali wengi kaskazini mashariki mwa Kenya, uone linavyobadilika sura. Kijana wa huko hakulipata kwa waganga. Amelipata duksi, chuo cha Kurani, ubao wake wa loox mkononi, na pale alipolikuta ni ndani ya Kurani: mara mbili tu, katika Al-Anbiyaa na katika Yasin, na kote kuwili likitaja njia ambamo jua na mwezi huogelea. Aya inayoifuata ile ya Yasin inataja jahazi lililosheheni, fulk kwa Kiarabu, herufi zilezile tatu. Aliyehifadhi Yasin amezitamka mbili hizo zikifuatana tangu utotoni. Kazi ya mwalimu ni kumsimamisha hapo kidogo.

Nimeanzia kwenye jina kwa sababu anayetaka kuwafundisha vijana wa Kaskazini Mashariki mambo ya anga lazima kwanza aamue somo lenyewe ataliitaje. Kamusi zitamtupia unajimu. Kwa asili neno halina kosa, limetoka kwa najm, nyota, na Sura ya 53 ina jina hilohilo. Lakini magazeti yamelichakaza kwa safu zao za Mashuke na Nge, na kwa Waafrika Mashariki wengi mnajimu ni Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki Mei 2011 akiwa gumzo la kila uchaguzi kwa utabiri wake. Kijana aliyesikia hadithi ya Mtume inayoufananisha utabiri wa nyota na tawi la sihiri hatakaa darasani ukimwandikia UNAJIMU ubaoni. Na ana haki yake. Astronomia ni salama, ila ni neno la kukodi, halimkumbushi kitu. Mimi ningeandika falaki bila wasiwasi, hasa Garissa, ambako Kiswahili ni cha shule, cha soko na cha ofisi ya serikali, na hakijabeba mizigo yote ya mwambao. Wanazuoni walishazitenga elimu hizi mbili zamani: Ibn Sina aliandika kitabu kizima cha kuwapinga watabiri, na katika karne ya 14 msikiti mkuu wa Dameski ulikuwa na mtunza nyakati wake, Ibn al-Shatir, ambaye mahesabu yake ya mwendo wa sayari bado yanasomwa na wanahistoria wa sayansi.

Neno lenye mali kuliko yote, hata hivyo, ni zawali. Kila mtoto wa Garissa analijua kwa miguu: jua likishapinduka, Adhuhuri imeingia. Vitabu vya sayansi hulizungukia kwa maneno sita au saba, eti jua kuvuka mstari wa kati wa anga, ilhali fikihi imelimaliza kwa neno moja, tena imelitofautisha na istiwaa, ile nukta jua linapokuwa juu kabisa kabla halijaanza kuinama.

Sasa chukua fimbo ya mita moja, uisimamishe wima kwenye mchanga. Tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, jua huwa utosini mwa Makka kabisa. Kila kivuli duniani kwenye mwanga wa jua, saa hiyo, kinaikimbia Kaaba. Pale Garissa kivuli cha fimbo yako kitakuwa na urefu wa sentimita 40 hivi nacho kitaelekea kusini. Kigeuzie mgongo, umeelekea kibla. Hadi hapo ni sawa na mji wowote. Lakini Garissa ina bahati yake: longitudo yake na ya Makka hazipishani hata robo ya digrii. Miji hiyo miwili imekaa karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo istiwaa ya Makka ni istiwaa ya Garissa, kila siku ya mwaka. Kwingi kwingineko unasubiri siku mbili, ya Mei na ya Julai, jua linapopita utosini mwa Makka. Garissa kivuli kifupi cha mchana wowote kinalala juu ya mstari wa kibla, Juni kikielekea kusini, Desemba kikielekea kaskazini. Ndipo mwanafunzi ataona kwamba wazee wa pwani waliosema kibla wakimaanisha kaskazini walikuwa wanasema kweli kuhusu Garissa pia.

Na karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba kivuli kinatoweka. Mji uko chini kidogo ya ikweta, chini ya nusu digrii, basi jua linapita utosini hasa. Fikihi ya Shafii, inayofuatwa huko, inasema Alasiri huingia kivuli kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe baada ya kuongeza kivuli cha zawali. Siku ambayo kivuli cha zawali ni sifuri, jua litakuwa limeshuka digrii 45, na saa tatu kamili zitakuwa zimepita. Tanjenti ya 45 ni moja. Mwalimu wa hisabati anayehangaika kutafuta mfano wa tanjenti unaomhusu mtoto wa Garissa ameupita msikitini asubuhi hiyohiyo.

Kuhusu sayari, vitabu vyetu vimetuangusha. Zuhura na Mirihi zimesalimika. Lakini Zohali, sayari yenye pete, baadhi ya vitabu viliipa jina la Sarateni, ambayo ni buruji la Kaa, na leo Mkenya akisikia saratani anawazia hospitali. Neptuni nayo ikapewa Kausi, yaani upinde, ambao ni buruji jingine. Kijana anayejua Kiarabu kidogo anacheka, na mwalimu anapoteza heshima kwa kosa ambalo si lake.

Wafugaji wana majina yao yasiyoyumba. Zuhura ya jioni kwa Wasomali ni Waxaraxir, ile x ikisomwa kama h nzito: nyota inayotoka wakati wa kuwafungia watoto wa mbuzi. Zohali ni Raage, mwenye kukawia, na kweli inakawia: huchukua takriban miaka 29 na nusu kulizunguka jua. Muusa Galaal aliyakusanya mengi ya aina hii katika kitabu kilichotoka Mogadishu mwaka 1968, akieleza jinsi mwezi unavyopimwa dhidi ya nyota ya Dirir kutabiri mvua za gu, masika ya Wasomali. Linganisha na Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Neno zuri mno, lina kulima ndani yake, na ndilo watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walilolichagua katika Kitabu cha Ayubu. Mwalimu Mkristo aliyetumwa Garissa kutoka bara ameshalisoma kanisani. Lakini mfugaji halimi. Kwake kundi hilo ni Urur, mkusanyiko, basi. Mwarabu husema Thurayya, jina ambalo watu wa mpakani wanalijua zaidi kama simu ya setilaiti.

Ningesimama kidogo pia kwenye kupatwa. Kiswahili kinasema jua limepatwa, kama mtu aliyepatwa na msiba. Kisomali kinasema qorrax madoobaad, jua kuingia giza, na huo ni usemi mtulivu zaidi. Mwanawe Mtume, Ibrahim, alipofariki, jua lilipatwa siku hiyohiyo, watu wakaanza kusema mbingu inaomboleza. Yeye aliyefiwa ndiye aliyewakataza, akasema jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Sijui somo la falaki lililo bora kuliko hilo, na liko katika vitabu vya hadithi ambavyo kila duksi inaviheshimu.

Ndiyo maana nina kinyongo na mtindo wa kulazimisha kila aya iwe fomula. Wapo waliozihesabu nyota kumi na moja za ndoto ya Yusufu wakatafuta sayari kumi na moja. Ndoto hiyo imo katika Kurani na katika Mwanzo, na kote kuwili nyota zile ni ndugu zake. Mwaka 1930 Pluto ilipogunduliwa sayari zilifika tisa, mwaka 2006 wanafalaki wakaiondoa zikabaki nane. Kijana aliyejengewa imani yake juu ya hesabu ya sayari unamwachia nini siku hesabu ikibadilika? Aya zinaamrisha kutazama. Zimtume nje akatazame.

Mahali pa kujaribia haya yote ni hilali. Kila mwaka ugomvi ni uleule: hawa wanafuata tangazo la Makka, wale wanamsubiri Kadhi Mkuu, na nyumba moja inaweza kula Idi mara mbili. Kiswahili kina mwezi mwandamo, ule ulioonekana kwa macho. Vitabu vya shule vina mwezi mpya, ule usioonekana kabisa, kwa kuwa uko upande mmoja na jua. Wenye Kiarabu huita hali hiyo ijtimai. Watu wakigombana mmoja anamaanisha hiki na mwingine kile.

Tarehe 2 Agosti 2027 ijtimai itaonekana waziwazi. Jua litapatwa lote mjini Makka kwa zaidi ya dakika tano, mchana, na Garissa litamegwa sehemu tu, kwa hiyo bila miwani maalumu mtu asilitazame hata kidogo. Sala yake ni rakaa mbili, kila moja na rukuu mbili, na ratiba yake itatoka kwenye mahesabu yaleyale yanayouza miwani. Mfungo Tano utakuwa unakwisha. Jua likitua jioni hiyo mwezi utakuwa na umri wa saa zisizofika sita, na macho matupu huhitaji mwezi wa saa kama kumi na tano au zaidi. Jioni ya pili, tarehe 3, utakuwa umepita saa 29, na kukiwa hakuna mawingu wanafunzi watauona upande wa magharibi, ng'ambo ya mto Tana. Atakayekuja na ushahidi wa tarehe 2, hata awe na ndevu nyeupe, aulizwe kwa adabu aliona nini.