Ubongo Uliopata Ulimi: Historia ya Kuziamuru Mashine kwa Fikra

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, kijana mmoja wa Kijerumani aitwaye Hans Berger, aliyekuwa akikusudia kusoma ilimu ya falaki, alikuwa mazoezini katika jeshi la wapanda farasi alipoangushwa na farasi wake mbele ya magurudumu ya mzinga, akanusurika kwa kudura ya Mungu. Na jioni ya siku ile ile akapokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, ikimwuliza hali yake, kwa kuwa dada yake kule nyumbani alishikwa ghafla na hofu kwamba ndugu yake yumo hatarini. Ajabu hiyo haikumtoka moyoni, ikamfanya aache nyota na kuingia katika utabibu, akitumaini kuithibitisha kwa ala za sayansi ile nguvu ambayo, kwa itikadi yake, iliichukua hofu yake hata ikamfikia dada yake.

Umeme wa ubongo ulikwisha kujulikana kwa wanyama, kwani mwaka 1875 Richard Caton, tabibu wa Liverpool, alieleza mikondo aliyoiona katika bongo za sungura na kima zilizofunuliwa. Lakini aliyeuandika umeme huo kutoka kichwa cha mwanadamu ni Berger, mjini Jena, mwaka 1924. Alikaa na siri yake miaka mitano, akiyarudia majaribio kwa shaka na subira, ndipo mwaka 1929 akatangaza kwamba mtu afumbapo macho akatulia, ubongo wake hutoa mawimbi yapatayo kumi kwa sekunde, ambayo hufifia afumbuapo macho. Wataalamu wengi walimdharau, mpaka mwaka 1934 Edgar Adrian na Bryan Matthews walipoyaona mawimbi hayo hayo huko Cambridge.

Tangu hapo umeme huo ulisikilizwa kwa miongo kadhaa ili kutambua maradhi kama kifafa, mpaka mwaka 1973 Jacques Vidal, wa chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, alipouliza kama mawimbi hayo yanaweza kuiamuru kompyuta. Na miaka minne baadaye alionyesha watu wakiongoza alama katika njia za mzingo kwenye kioo cha mashine. Mwaka 1988 Stevo Bozinovski na wenzake mjini Skopje waliiendesha roboti juu ya mstari uliochorwa sakafuni, ikienda mtu afumbapo macho na kusimama ayafumbuapo. Na mwaka huo huo, huko Marekani, Lawrence Farwell na Emanuel Donchin walipanga herufi na alama katika visanduku 36 vilivyomulikwa kwa zamu, ili kompyuta itambue herufi aliyoichagua mtu, kwa kuwa ubongo hushtuka takriban sehemu tatu za kumi za sekunde baada ya kumulikwa ile herufi uingojayo.

Kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu umeme ule hupimwa kwa sehemu za milioni za volti, nao hufifishwa na fuvu na ngozi, na kupepesa jicho tu hutosha kuufunika. Lakini elektrodi zilizobandikwa kichwani hazitaki kisu wala jeraha, na hiyo ni rehema kubwa kwa mgonjwa aliyekwisha kuteseka.

Mwaka 1999 Niels Birbaumer na wenzake wa Tübingen walitoa habari za wagonjwa wawili waliopooza kwa maradhi ya mishipa ya fahamu, ambao kwa mazoezi ya miezi walijifunza kupandisha na kushusha umeme wa bongo zao, alfabeti ikigawanywa nusu kwa nusu mpaka ibaki herufi moja. Na mmoja wao, herufi baada ya herufi, akaandika barua nzima ya kuwashukuru.

Berger hakuipata ile nguvu aliyoitafuta, wala sayansi haijaipata hata leo. Lakini simu ya baba yake ilikuwa na swali moja tu, u hali gani, nalo ndilo swali ambalo jamaa wa kila aliyepooza humwuliza kitandani bila kutumaini jawabu. Na kutokana na umeme ule aliouandika Jena, mtu asiyeweza kutikisa hata ulimi ameweza kulijibu.