Kilo Moja, Choma, Satellite

Mgeni akiniuliza atakula wapi nyama tamu bila kumaliza nauli, namshusha Satellite, hapa Nairobi, kwenye Naivasha Road. Hapa buchari ndiyo hoteli. Unaonyesha mguu wa mbuzi unaoning'inia, unapimiwa kilo, kisha unangoja. Kungoja ni nusu ya mlo. Anayetaka haraka aagize chapati.

Bei nafuu ina sababu yake. Machinjio ya Dagoretti hayako mbali, kwa hiyo nyama haisafiri sana kabla ya kufika kwenye makaa. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliunda Kenya Meat Commission, na kiwanda chake kikawa Athi River, upande wa pili wa jiji. Sisi wa magharibi mwa jiji tumelelewa na Dagoretti.

Watalii wao walipata mkahawa wa Carnivore, iliyofunguliwa 1980 kando ya Lang'ata Road: nyama kwenye mapanga ya Kimasai, bei moja kwa kila mtu. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1977, lakini nyama ya pundamilia wa ranchi iliendelea kuandaliwa huko hadi miaka ya 2000.

Waajentina, ambao uchomaji wao wa nyama unahusishwa na wachungaji wa nyanda za Pampas, nao huchoma ng'ombe polepole kwa chumvi tu. Wangetuelewa. Nyama ikifichwa chini ya sosi, mimi naanza kuishuku. Satellite nyama inakatwakatwa mbele yako juu ya ubao, chumvi pembeni, kachumbari, ugali, na pilipili kwa anayejiamini.