Beji za ukosi na rangi za matawi katika jeshi la Ujerumani

Beji za ukosi (Kijerumani: *Kragenspiegel*) na rangi za matawi (*Waffenfarben*) ni alama za sare zinazomtambulisha askari wa jeshi la nchi kavu la Ujerumani kuwa ni wa tawi gani. Kwa kawaida rangi hutaja kazi yake, beji ya ukosi hutaja kundi lake, na cheo husomwa begani.

Asili
Katika Prussia, tepe mbili sambamba za ukosini, ziitwazo *Litzen*, zilikuwa heshima ya vikosi vya walinzi wa mfalme na vingine vichache. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jeshi la kifalme lilivunjwa, na Reichswehr, jeshi dogo lililofuata, likawapa tepe hizo askari wake kwa jumla. Majenerali walikuwa na beji yao tangu 1900: tarizi ya dhahabu juu ya kitambaa chekundu.

Rangi za Wehrmacht, majeshi ya Ujerumani ya Nazi (1935–1945)
- Nyeupe: askari wa miguu
- Nyekundu: mizinga
- Waridi: vifaru
- Manjano ya dhahabu: wapanda farasi
- Manjano ya limau: mawasiliano
- Nyeusi: wahandisi wa vita
- Kijani hafifu: askari wa milimani
- Bluu: matabibu
- Rangi ya chungwa: polisi wa kijeshi

Rangi hizo zilionekana kwenye ukingo wa vitambaa vya mabega na katika mstari mwembamba uliopita katikati ya kila tepe ya ukosi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, mstari huo kwa askari wa kawaida ulifanywa kijani iliyokoza, na baadaye kijivu, bila kujali tawi. Tangu hapo beji moja ilitosha kwa karibu wote, na tawi likabaki kusomwa begani. Maofisa waliendelea kuvaa rangi zao ukosini.

Askari wa vifaru walitofautiana na wengine. Koti lao jeusi lilikuwa na beji nyeusi yenye ukingo wa waridi na fuvu dogo la chuma. Fuvu hilo lina asili katika vikosi vya wapanda farasi vya Prussia, na umbo lake si lile la fuvu la SS, kikosi cha chama cha Nazi.

Utaratibu wa matawi mengine ya kijeshi ulikuwa tofauti. Katika jeshi la anga, Luftwaffe, beji ya ukosi ilibeba rangi ya tawi pamoja na mabawa madogo yaliyoonyesha cheo. SS nao walionyesha vyeo ukosini.

Makoloni
Katika jeshi la kikoloni la enzi ya kifalme, Schutztruppe, rangi ya mapambo ya sare za Wajerumani ilitaja koloni: nyeupe kwa Afrika Mashariki, bluu kwa Afrika ya Kusini-Magharibi na nyekundu kwa Kamerun. Askari Waafrika wa Afrika Mashariki walivaa kaki, na vyeo vyao vilionyeshwa kwa tepe za mkononi.

Baada ya 1945
Bundeswehr, jeshi la Ujerumani Magharibi lililoundwa 1955, lilibakiza waridi kwa vifaru, nyekundu kwa mizinga na nyeusi kwa wahandisi. Askari wa miguu walihamia kijani, na nyeupe ikawa ya bendi za muziki. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kumtambua askari pichani. Ni lazima kwanza kujua jeshi lake na mwaka.